Redio Iliyotoka Vitani

Kazi ya kushona magwanda ya wanajeshi niliipata kwa sababu fundi wa kwanza aliyashona yakawa mapya mno. Ndivyo alivyonieleza yule binti mwongozaji wa filamu aliponijia kibandani kwangu Temeke. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanionyesha picha kwenye simu: wanaume wamesimama wima ndani ya nguo zinazong'aa kama sare za walinzi wa benki.

"Mama, hawa wametoka vitani," akasema. "Wamelala nje miezi. Nataka nguo zilizochoka."

Nikamwambia kuichosha nguo nako ni ufundi. Nilishona, nikaloweka kwenye jiki, nikaanika juu ya mabati, kisha nikakaa na msasa wa seremala nikisugua viwiko, magoti na mgongo. Alipokuja kuzichukua alizigusa moja moja. Halafu akaniuliza nimejuaje kwamba mkanda wa begi hula bega la kulia kabla ya la kushoto. Nikamjibu kwamba nimelelewa na mtu aliyerudi na gwanda la namna hiyo. Akavuta kiti karibu. Na mie, kwa kuwa napenda kusikilizwa, nikamsimulia yote niliyoyajua.

Filamu yake ilihusu vita vya Kagera, lakini si mapigano. Ilihusu miezi ya baadaye, waliporudi waliorudi, na wale waliokuwa wanawasubiri. Hadithi ya nyumbani kwetu iliingia humo kama mguu kwenye kiatu chake.

Baba yangu mzazi na baba aliyenilea walikuwa marafiki. Walitoka pamoja Newala wakiwa vijana, wakawa makuli bandarini, wakapanga vyumba viwili katika nyumba moja ya Temeke. Wote walikuwa wamepitia mafunzo ya mgambo, na vita vilipoanza waliitwa pamoja. Mie nilikuwa na miaka miwili. Akarudi mmoja. Ilikuja barua kwamba baba yangu mzazi amefariki akiwa kazini, haikusema zaidi ya hapo. Yaliyobaki aliyaleta rafiki yake, aliyepiga hodi jioni moja akiwa amekonda, amebeba kitu ndani ya blanketi. Alimwambia mama kwamba mumewe alikufa akiwa mbele, mbele yao kabisa, na kwamba hakuteseka. Kisha akafungua blanketi. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, yenye kioo cha namba na mshale mwekundu. Akasema marehemu aliinunua kwa ajili ya mkewe, akaagiza afikishiwe mkononi.

Mama alikaa eda, ikaisha. Miaka miwili baadaye yule rafiki alimposa, ndugu wa marehemu wakaridhia, wakasema afadhali mtoto alelewe na mtu aliyemjua baba yake. Tukahamia Kiwalani, alikojenga kidogo kidogo kila alipopata mifuko miwili ya saruji. Wakazaa wadogo zangu wawili, ambao sasa wako mikoani na familia zao. Sikuwahi kumwita baba wa kambo. Neno hilo halikutumika nyumbani kwetu. Nilikuwa na Baba, na nilikuwa na marehemu, na marehemu alikuwa shujaa. Shuleni, kila tulipofundishwa habari za vita, nilikaa nimenyoosha mgongo.

Redio ilikaa juu ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa alichodarizi mama mwenyewe. Ilinyamaza nikiwa darasa la sita, lakini kila Ijumaa mama aliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. TV ilipoingia ndani, redio ikahamia chumbani, ndani ya kabati la nguo zake.

Mwongozaji aliposikia kwamba redio ipo, aliniomba tumwazime. Aliniomba pia yule mzee aliyeileta awe anafika mahali pa kupigia picha, awaelekeze vijana wake. La redio lilikuwa rahisi. Nilikwenda Kiwalani siku ambayo Baba alikuwa kliniki ya presha. Mama akasitasita, akanihoji wataiweka wapi na nani ataishika, mwisho akanifungia redio ndani ya khanga mbili. La mzee ndilo lililonisumbua. Baba alikataa mara mbili. Alisema mambo yale yamekwisha na waliyoyajua wamezikwa. Mama ndiye aliyemshawishi. Alimwambia, akinyamaza yeye, watoto wataonyeshwa uongo.

Alikubali siku hiyohiyo, kwa unyonge ambao wakati ule niliudhani ni uzee.

Walikuwa wanapigia picha Kawe, kwenye nyumba kuukuu za kupanga walizozipaka vumbi zifanane na za zamani. Baba alivaa kanzu safi na koti, akapewa kiti cha plastiki karibu na kioo anachotazamia mwongozaji. Siku tatu za mwanzo zilikuwa nzuri. Aliwafundisha vijana jinsi ya kukunja blanketi, jinsi mtu mwenye malengelenge anavyokanyaga, na jinsi walivyogawana sigara moja watu wanne. Wale vijana walimwamkia shikamoo kila alipopita, wakamletea chai. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishangaza. Kila asubuhi, kabla hajakaa, aliuliza leo wanapiga sini gani, yaani kipande gani cha hadithi. Akishajibiwa ndipo anakaa.

Siku ya nne hakuna aliyemjibu, kwa kuwa umeme wa jenereta ulikuwa unasumbua na kila mtu alikuwa anakimbia. Mie nilikuwa pembeni na pini mdomoni, narekebisha kola ya mwigizaji. Kijana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, amekondeshwa kwa vipodozi, na mikononi alibeba mzigo ndani ya blanketi. Nilijua ni nini. Sikuwaza kitu kingine. Niliona fahari.

Mwongozaji akaita kimya, wote wakanyamaza. Kijana akatembea hadi mlangoni, akapiga hodi. Binti aliyeigiza mjane akatoka, akamtazama, akajua. Kijana akasema, "Shemeji, alikufa akiwa mbele. Mbele yetu kabisa. Hakuteseka." Akafungua blanketi. Redio ya mama yangu ikatokea, ile ya mbao, na mshale wake mwekundu.

Nikasikia kiti cha plastiki kikianguka.

Baba alikuwa amesimama. Alikuwa ameelekeza kidole kwa yule kijana.

"Hapana," akasema. "Hapana. Haikuwa hivyo."

Mwongozaji akasimamisha kamera. Hakukasirika, alikuwa amezoea masahihisho yake. Akainama kwake kwa heshima na kumwomba aeleze ilikuwaje, wairudie vizuri. Baba alimtazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Kisha akageuka, akanitazama mie. "Nani kaileta hiyo redio?"

Nikatoa pini mdomoni. Nikasema ni mie.

Akatoka nje. Nilimfuata hadi nyuma ya nyumba, penye ukuta wa matofali na madumu matupu ya maji. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukuta. Nilifikiri ni presha, nikamshika mkono, nikamwambia tutafute bajaji tuwahi hospitali. Akautoa mkono wake polepole.

"Hakufa mbele, mwanangu," akasema, bado amegeukia ukuta. "Alikufa tunarudi. Vita vimekwisha, watu wanaimba."

Aliyasema yote palepale, kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Redio haikununuliwa. Aliichukua yeye, Baba, kwenye nyumba iliyokimbiwa katika mji mdogo ng'ambo ya mpaka. Aliiona mezani, akaipenda, akaifunga ndani ya blanketi. Siku ya kurudi alikuwa na homa kali ya malaria, wakampakia mbele ya lori pamoja na dereva. Mle hamkuwa na nafasi ya mzigo. Akaogopa redio itasagwa na magunia huko nyuma, akamwomba rafiki yake aipakate hadi Bukoba. Rafiki yake akamcheka, akamwambia wewe na redio lako, lakini akaipokea. Akakaa juu kabisa ya magunia, pembeni, mahali pasipo na mtu wa kuikanyaga. Walishavuka mpaka, wako upande wetu, lori likaingia shimo kwenye mteremko.

"Wenzake walishika vyuma," Baba akasema. "Yeye alishika redio."

Wakati huo vijana walikuwa wanapita na nyaya, wakatuona, wakarudi nyuma. Nilimuuliza kama mama anajua. Akasema hajui. Nikamuuliza kwa nini basi aliipeleka kwake, kwa nini asiitupe mtoni, asiiache hapohapo barabarani. Swali hilo lilimgeuza. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Sikuweza kuitupa, na sikuweza kukaa nayo. Ilimwangukia kifuani, haikuvunjika hata kioo. Nikaona nikimpa mama yako, angalau alichokufa nacho kitakuwa kimefika."

"Na hayo ya kuwa mbele?"

"Nilifika mlangoni, nikamwona amekubeba. Yakanitoka yenyewe."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuja, lakini si siku ile. Nilichohisi mwanzo ni kwamba nimeibiwa. Miaka yote ile ya kunyoosha mgongo darasani, kumbe mwanamume niliyejivunia alikufa kwa ajili ya kitu cha wizi cha mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye aliyenichana nywele, aliyenibeba mgongoni kutoka Kiwalani hadi zahanati nilipopata surua, aliyelia waziwazi siku ya ndoa yangu. Mambo haya mawili hayakutaka kukaa ndani ya mtu mmoja.

Akaniomba nisimwambie mama. Nikamjibu kwamba sitamwambia, kwa kuwa atamwambia yeye. Nikampa mpaka Ijumaa. Sikuwahi kumpa Baba amri maishani mwangu. Aliitikia kwa kichwa kama kuli aliyepewa zamu.

Siku zile mbili zilikuwa ndefu. Mama alinipigia asubuhi na jioni kuulizia redio yake, kama wamemaliza nayo, kama wameilaza kichwa chini. Nilimjibu kwa maneno mafupi, nikijifanya cherehani imekatika uzi. Mwongozaji naye alipiga. Alikuwa amekwisha kunusa kwamba kuna jambo. Akasema kwa upole kwamba kama sini ile ni ya uongo, yeye anautaka ukweli, kwani filamu yake haina maana bila ukweli. Nikamwambia ukweli huo una mwenyewe na mwenyewe bado hajaambiwa. Nikakata simu. Siku hiyo niliharibu gauni la mteja, nikalikata mkono badala ya shingo.

Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi nikapiga simu Kiwalani. Mama akapokea kwa sauti ya kawaida kabisa, anacheka na jirani. Hajaambiwa. Nikaenda Kawe kuchukua redio, nikaifunga ndani ya khanga zake zilezile mbili, nikapanda bajaji hadi Kiwalani nimeipakata. Nilipogundua nimeishika vipi, kwa mikono yote miwili, nikaiweka chini miguuni.

Mama alikuwa amekaa mkekani uani, anachagua mchele kwenye ungo. Baba alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anasoma gazeti la jana. Niliwaamkia. Nikaweka mzigo mkekani kati yao, nikafungua khanga. Mama akafurahi, akaanza kuikagua pembe kwa pembe. Baba akaitazama redio, akanitazama mie, akakunja gazeti mara nne.

"Mke wangu," akasema, "nina neno. Naomba usininyamazishe."

Alipofungua mdomo kuendelea, ndege ikapita. Kiwalani ndege zinapita chini kiasi cha kuhesabu madirisha, na sie tumezoea kusimamisha maneno na kuyaendeleza ikishapita. Tukangoja. Sijawahi kuona ndege inayochelewa kupita kama ile. Niliona midomo ya Baba ikijaribu na kuacha. Mama bado alikuwa anatabasamu, mkono juu ya redio. Sauti ikafifia kuelekea kiwanja, na Baba akasema.

Alisema yote, na alisema kwa mpangilio uleule alionisimulia mie. Nilitambua kwamba ameyarudia moyoni mara nyingi mno hata ameyakariri. Mahali fulani katikati mama aliuondoa mkono wake kwenye redio na kuurudisha kwenye ungo. Akaendelea kuchagua mchele. Aliokota chuya, akaokota kijiwe, akaviweka pembeni. Baba alipomaliza, mama akachagua tena kidogo. Kisha akauliza bila kuinua uso kama kweli alikuwa na homa siku ile.

"Nilikuwa nayo. Wallahi."

Akauliza kama marehemu alisema neno lolote. Baba akasema hapana, hakuwahi.

Hapo mama akainua uso. "Shemeji," akasema.

Shemeji ndivyo alivyokuwa anamwita zamani, walipokuwa wanakaa nyumba moja Temeke, kabla ya vita. Kwa neno moja alikuwa amempeleka nyuma ya ndoa yao yote.

"Shemeji, ulinioa kwa kunipenda au kwa kujificha?"

Baba alilaza gazeti chini. "Mwanzo, kwa kujificha," akasema.

Mama hakumuuliza baadaye ilikuwaje. Alisimama, akamwaga mchele kwenye sufuria, akanawa mikono, akaingia ndani. Tulisikia kabati likifunguliwa. Alitoka na mfuko wa nguo na buibui kichwani, akaniambia twende. Pale mlangoni Baba alinyanyuka kumpisha njia. Redio tuliiacha mkekani.

Alikaa kwangu Temeke wiki tatu. Hakulia mbele yangu. Alipika, alifagia, alinisaidia kutia vifungo. Wadogo zangu walipiga simu kutoka mikoani wakiwa wamechanganyikiwa. Aliwaambia yeye na baba yao wana mazungumzo. Jioni moja, anaingiza uzi kwenye sindano, alisema yeye hakasirikii kifo, kifo ni cha Mungu, mtu akifika siku yake hata kwenye godoro atakufa. "Kinachoniuma ni vumbi," akasema. "Kila Ijumaa naifuta. Na yeye amekaa pale anatazama."

Mwongozaji, ambaye sasa nilikuwa nimemweleza yote, alifika nyumbani akiwa na sukari na unga, kama mtu anayekuja msibani. Mama alimpokea vizuri. Binti akamwomba radhi kwa yote yaliyotokea, halafu kwa uangalifu mkubwa akaomba ruhusa ya kuipiga sini ile upya, kama ilivyokuwa kweli, lori na magunia na redio. Alisema watu wengi wangejiona humo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, aliyekufa ni wangu," akamwambia. "Ndugu zake hawajaambiwa. Nyie mtawaambiaje watu wa sinema kabla yao?"

Binti hakubisha. Baadaye nilisikia kwamba sini ile waliipiga upya kwa namna nyingine: kijana anafika mlangoni, mjane anafungua, na kijana hasemi chochote, na mkononi hana kitu.

Lakini maneno ya mama yalikuwa yamemfungulia njia mwenyewe. Usiku uleule alinituma nimpigie Baba. Hakutaka kuzungumza naye. Ujumbe ulikuwa mmoja: hatakanyaga Kiwalani mpaka shemeji aende kwa mdogo wa marehemu, amwambie kwa kinywa chake.

Mdogo wa marehemu ndiye pekee aliyebaki katika ndugu zake wa tumbo moja. Anaishi Mbagala, ni mchongaji wa vinyago vya mpingo, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Namwita baba mdogo. Ndiye aliyesimama kama walii wangu nilipoolewa, na ndiye aliyetoa neno la kuridhia mama aolewe na rafiki wa kaka yake. Nilipompitia Baba asubuhi ya kwenda, alikuwa amenyoa na amevaa kanzu ileile ya Kawe. Tulipokaribia aliniuliza kama nadhani baba mdogo atampiga. Nikasema sijui.

Tulimkuta kwenye kibanda chake cha makuti, amekaa chini, kinyago kimebanwa kati ya miguu, tezo mkononi. Alifurahi kutuona. Akaagiza chai, akatuambia tukae, yeye anamalizia. Baba akabaki amesimama. Akasema kilichomleta hakisemwi kwa kukaa.

Akaanza. Baba mdogo aliendelea kuchonga. Tezo lilikuwa linashuka na kupanda, vipande vyeusi vikimrukia kwenye mapaja. Yalipofika maneno ya lori, tezo lilipunguza mwendo. Yalipofika maneno ya redio, lilisimama hewani. Nilikuwa nalitazama tezo tu. Nilihesabu hatua kati yangu na Baba, nikajua siwezi kuwahi.

Baba alimaliza. Chai ilikuja, ikawekwa, hakuna aliyeigusa. Baba mdogo akalaza tezo kwenye mkeka, akalifunika kwa gunia, nami nikafahamu kwamba na yeye alikuwa analiogopa.

"Nani alimwosha?" akauliza.

"Mie," Baba akasema. "Mie na imamu wa kijiji kile, na wenzetu wawili. Homa yangu ilinitoka siku ile."

"Sanda?"

"Walitoa wanakijiji."

"Kaburi unalijua?"

"Nalijua. Lori liliendelea na safari, mie nikabaki siku mbili. Ni nyuma ya msikiti, kwenye migomba ya bibi mmoja. Niliweka mawe mwenyewe."

Nilitegemea matusi. Sauti ya baba mdogo ilipotoka ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama yetu amekufa anaulizia kaburi," akasema. "Sie kila mwaka tunasoma hitima ya mtu asiye na kaburi, na wewe unakaa nasi mkeka mmoja, unaitikia amina, kaburi unalo mfukoni."

Baba akapiga magoti pale kwenye vumbi la mpingo. Mzee wa umri wake, na kanzu nyeupe. Nikamshika nimwinue, baba mdogo akaniambia nimwache. Alimwacha hapo mpaka yeye mwenyewe akasikia aibu, kisha akasema ainuke. Hakumsamehe. Alisema tu kwamba keshokutwa kuna basi la Bukoba, na kwamba wataondoka wote wawili.

Safari ile sikwenda. Siku mbili za barabarani, wazee wawili kwenye viti vilivyopakana, mmoja hataki kumsikia mwenzake. Baba mdogo alinisimulia baadaye kwamba mpaka Dodoma hawakusemeshana, na kwamba Singida Baba alishuka kununua maji, akarudi na chupa mbili. Mie na mama tulikuwa Temeke tunasubiri simu. Mama alishinda amekaa kwenye kiti cha wateja wangu, simu mapajani, na kila ikilia aliniachia nipokee mie.

Ilikuja siku ya tatu, adhuhuri. Alikuwa baba mdogo. Msikiti walioutafuta umebomolewa na kujengwa mwingine mkubwa, bibi mwenye migomba alikwisha kufa zamani. Walizunguka asubuhi nzima. Baba alichanganyikiwa, akawaonyesha mahali pawili tofauti, baba mdogo akaanza kuamini kwamba na hili ni uongo. Ndipo akatokea mtoto wa yule bibi, naye sasa ni mzee mwenye mvi, akauliza kama wanamtafuta yule mwanajeshi. Marehemu mama yake alimwusia asilime pale. Mawe yapo, yamezama nusu, nyasi zimekatwa. Kila akipalilia, hupapalilia na pale.

Nilimpa mama simu. Alisikiliza, akasema alhamdulillahi mara kadhaa. Halafu akamwomba baba mdogo ampe simu shemeji, ndivyo alivyokuwa bado anamwita Baba. Nilitoka nje kuwapa nafasi. Sikujua alimwambia nini, na mpaka leo sijauliza.

Hitima tuliisoma Kiwalani waliporudi, na wadogo zangu wote wawili walikuja. Mama alihamia tena siku hiyo. Hakurudi chumbani kwake. Alitandika kwenye chumba nilichokulia mie, na ndimo anamolala hadi leo. Baba mdogo huwatembelea, hula nao, lakini Baba akimpa mkono huchelewa kidogo kuupokea. Mie na Baba tumerudi kuongea, ila nikiwa naye peke yangu bado kuna dakika najikuta namtazama mikono.

Siku ya hitima, watu walipokwisha kutawanyika, baba mdogo alifungua simu yake kumwonyesha mama picha za kaburi. Mama akaishika mbali, akaileta karibu, hakuelewa. Mawe na majani tu. Baba mdogo alijaribu kumweleza, akashindwa, akasema anayejua mahali palivyo ni huyu hapa. Baba alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawishia wageni. Akaliweka chini, akaja, akachuchumaa pembeni ya mkeka, mbali kidogo na mama. Mama akasogeza simu katikati. Akauliza kichwa kiko upande gani. Baba akamwonyesha kwa kidole. Akauliza barabara iko wapi, na msikiti wa zamani, na yule bibi alikuwa mtu wa namna gani, na waliimba nini siku ile kwenye lori. Kila swali Baba alilijibu, na pale asipokumbuka alisema hakumbuki.